Bi Hamida na Swala wa Adhuhuri

"Mama Rigo, una habari kwamba Bi Hamida kaolewa?"

Doris aliniuliza hivyo kwenye chumba cha kufulia, huku akikunja shuka zake, kwa sauti ile ile ambayo mtu angeulizia bei ya nyanya. Mimi nilikuwa nimembeba Rigo mgongoni, na Rigo alikuwa ameng'ang'ania nywele zangu, kwa hiyo sikuweza hata kugeuka vizuri.

"Kaolewa na nani?"

"Na mzungu. Mzee mmoja wa pikapu nyeupe. Jumamosi alfajiri anakuja kumchukua, nje bado giza. Namwona kutoka dirishani kwangu."

"Pengine wanaenda kazini."

"Kazini! Na mtandio wa rangi ya chungwa unawaka kama zile koni za barabarani? Na jioni anarudi ana matope mpaka magotini, majani makavu kichwani. Jumamosi iliyopita nikamngojea pale mlangoni. Nikamwambia, Bi Hamida shikamoo, umetoka wapi? Akanijibu, marahaba mwanangu, nilikuwa kwenye swala. Swala! Niambie wewe, msikiti gani huo hauna sakafu?"

Nilicheka mpaka Rigo naye akacheka, bila kujua tunacheka nini. Doris ni mtu wa Machame, anakaa ghorofa ya juu yetu. Ana moyo mweupe kabisa, ila jicho lake halipitwi na kitu na mdomo wake hauna breki. Ningeweza kumwambia ukweli pale pale. Lakini Bi Hamida alikuwa ameniomba ninyamaze mpaka afanikiwe, kwa hiyo nikasema tu labda ni msikiti wa nje, nikatoa nguo zangu kwenye mashine nikaondoka.

Ukweli ni kwamba Bi Hamida hakusema uongo. Alikuwa kwenye swala kweli. Swala mwenye miguu minne.

Hapa Minnesota wako wengi, wanakatiza barabara, wanakula maua ya watu. Kwa Kiingereza wana jina lao, lakini sisi Watanzania tuliwaona siku ya kwanza tukasema swala, na jina likabaki. Kaskazini kabisa yuko mwingine, anaitwa musi, mkubwa kuliko ng'ombe, pembe zake kama masinia mawili. Huyo kwa sasa hawaruhusu kumwinda huku kwetu, na Bi Hamida alisema ni heri, maana akimpiga huyo itabidi ahame nyumba kwa ajili ya friji.

Bi Hamida ni mtu wa Muheza. Umri wake unakaribia sitini, mumewe alishafariki, na anaishi peke yake ghorofa ya chini kwenye jengo letu hapa Eagan. Kazi yake ni usimamizi wa wasafisha vyumba kwenye hoteli moja kule Bloomington. Anatembea haraka, anaongea polepole. Mimi nilimjua vizuri wakati nimejifungua. Mama yangu yuko Bukoba, viza ilikataa, na mume wangu Evodius alikuwa na shifti za usiku kwenye ghala. Theluji imejaa mpaka kwenye ngazi. Nikasikia mlango unagongwa, nafungua, namwona mama mmoja na chupa ya uji wa pilipili manga. Akasema, "Nimesikia mtoto analia kwa sauti ya mgeni, nikajua mama yake naye ni mgeni." Akanikanda, akamwogesha mtoto, akafua, akaondoka. Kesho yake akarudi. Alirudi mpaka nikaweza kusimama mwenyewe.

Kwa hiyo siku ya ubatizo wa Rigo nilinunua sufuria jipya kubwa, nikampa yeye apikie wageni Waislamu. Nikafunga utepe mwekundu kwenye mkono wa sufuria ili Evodius asije akalisahau akapikia kitimoto chake. Utepe huo upo mpaka leo, na sufuria halijawahi kunusa nguruwe.

Sasa uwindaji ulimwingiaje? Uliingia kupitia soseji.

Pale hotelini kuna fundi anaitwa George, mzee wa hapa hapa, mrefu, mkimya, anatengeneza mabomba na vitasa. Yeye na Bi Hamida wamekula chakula cha mchana meza moja miaka mingi. Bi Hamida akienda na sambusa, George anakula mpaka anaramba vidole. Na kila mwaka baridi ikianza, George anamletea Bi Hamida zawadi: soseji za swala aliyempiga mwenyewe, zimefungwa vizuri kwenye karatasi nyeupe. Bi Hamida anapokea kwa mikono miwili, anashukuru, halafu anakuja kunipa mimi na Doris. Maana swala yule hakusomewa Bismillah, na Bi Hamida hawezi kumla.

Mwaka mmoja George akamuuliza anazipikaje zile soseji. Bi Hamida hajui kudanganya. Aliniambia alijaribu akashindwa. Basi akamweleza yote. George akatafuna mkate wake mpaka ukaisha, ndipo akasema, "Basi njoo umpige mwenyewe, useme maneno yako."

Mwingine angecheka yakaisha. Bi Hamida alienda kujiandikisha kwenye mafunzo ya bunduki, akakaa darasani na watoto wa miaka kumi na miwili, akafaulu. Sheria inataka mwindaji avae rangi kali kuanzia kiunoni mpaka kichwani, asije akapigwa yeye, kwa hiyo alinunua kitambaa cha chungwa nikamshonea mtandio. Siku anaujaribu mbele ya kioo changu nilimuuliza kwa nini anajisumbua hivi, nyama si iko dukani kwa Wasomali?

Akajitazama, akavuta mtandio mbele kidogo. "Mama Rigo, mimi nimemlisha George miaka yote hii. Yeye hajawahi kunilisha. Kila akinipa, nagawa. Si vizuri mtu awe anakulisha hewa. Nataka nyama ya kwenye shamba lake, tuipike sufuria moja, tule wote wawili. Siku moja tu."

Hilo ndilo alilokuwa akilitaka, na lilikuwa linamponyoka. Msimu wa kwanza alikosa. Wa pili alikosa. Na huu ulikuwa wa mwisho, kwa sababu shamba la ukoo wa George, chini kidogo ya Lakeville, lilikuwa limeshauzwa. Wapimaji walikuwa wameshapigilia vigingi vyenye riboni katikati ya mabua ya mahindi. Mwakani pale patakuwa na nyumba na gereji, na watoto wanaendesha baiskeli.

Shida ilikuwa saa.

George alimfundisha kwamba swala wanatembea nyakati mbili: alfajiri kunapopambazuka, na jioni jua linapozama. Ndivyo alivyofanya babu yake, ndivyo alivyofanya baba yake. Bi Hamida akafuata. Alfajiri anaswali mapema, kisha anakaa chini ya mwaloni wake, kimya, baridi ya kupasua mawe, blanketi miguuni. Sasa mfikirie mtu aliyekimbizana na vyumba vya hoteli wiki nzima. Hakuna simu, hakuna bosi, hakuna mashine ya vumbi. Analala.

"Nalala, mwanangu, usingizi mtamu kuliko wa kitandani," aliniambia. "George yuko mti wa mbali kule, anasema nakoroma swala wanasikia mpaka Iowa."

Na jioni? Jioni ndiyo ilikuwa balaa zaidi. Saa ile ile swala wanapotoka vichakani ndiyo saa ya magharibi. Jua likizama, Bi Hamida anaweka bunduki chini, anaswali. Akimaliza, anakuta nyayo. Mara moja alikuta nyayo zimepita karibu kabisa na mkeka wake. "Yaani kanizunguka," alisema. "Kaja kunitazama nikiwa nimesujudu, kaondoka zake."

Alipoona Jumamosi ya mwisho inakaribia, na Jumapili ana zamu kazini, akaamua kuuliza watu. Kwenye lile kundi letu la simu la Watanzania wapo wanaume wawili watatu wanaowinda. Kwa kuwa alitaka mambo yabaki siri, aliuliza kwa kifupi, kwa ujumbe wa sauti: "Jamani Assalamu alaikum, naomba mnisaidie, kwa swala saa bora ni ipi?"

Mungu wangu. Simu yake haikupumzika. Akina mama walimtumia aya. Mmoja alimtumia ratiba ya mwezi mzima. Na Hemed, ambaye wiki nzima anaendesha lori na Jumapili anasomesha watoto Kurani, akamtumia mawaidha marefu ambayo Bi Hamida alikuja kunisikilizisha huku machozi ya kicheko yanamtoka.

"Bi Hamida," ilisema sauti ya Hemed, taratibu, taa ya kukata kona ya lori lake inasikika ikilia tiki tiki, "alfajiri ina fadhila zake, na kila mtu anaikumbuka. Magharibi nayo, kila mtu anaikumbuka. Lakini mimi dada yangu nakuusia adhuhuri. Adhuhuri ndiyo watu wanaisahau. Saa sita kila mtu anakimbilia lanchi. Wewe usikimbilie lanchi. Wewe baki."

"Amina," Bi Hamida akaiambia simu, akapangusa macho. "Maskini Hemed. Kaongea vizuri, lakini atanisaidia nini na mnyama?"

Ilikuwa siku yake ya mapumziko, amekaa kwenye kiti changu cha dirishani, Rigo kamkalia mapajani anatafuna kona ya mtandio. Nje walikuwepo wafanyakazi wa bustani na zile mashine za kupuliza majani zinazonguruma utadhani ndege inaruka. Pembeni ya mapipa ya taka watu walikuwa wametupa maboga yao, yale yaliyochongwa macho na meno kwa ajili ya watoto mwishoni mwa Oktoba. Yalikuwa yameanza kulegea, yanacheka upande.

Ikafika saa sita. Wafanyakazi wakazima mashine mara moja, kukawa kimya mpaka nikasikia friji yangu. Wakapanda kwenye lori lao, wakafunga milango, wakafungua vyakula.

Sijui kama hata walikuwa wameanza kula. Kutoka kwenye miti ya nyuma ya maegesho akatoka swala. Halafu wa pili. Halafu wa tatu. Hawakukimbia wala hawakunyata. Walikuja kama wapangaji wa jengo, wakaenda moja kwa moja kwenye maboga, wakaanza kula nyuso zile.

Nilitaka kumwonyesha Rigo. Bi Hamida akanishika mkono.

"Shsh. Tazama. Hawakungoja giza hawa. Wamengoja watu wakale."

Tukatazama. Wafanyakazi walikuwa wameinamia vyakula vyao, hakuna aliyeinua kichwa. Lori lilipofunguliwa mlango, swala wakageuka wote watatu, mikia myeupe juu, wakapotea. Mashine zikaanza tena.

Bi Hamida akaanza kucheka polepole, mabega yanatikisika.

"Mama Rigo, unajua mimi na George saa sita tunakuwa wapi? Tuko ndani ya pikapu! Tunakunywa supu yake ya kopo, vioo vimejaa mvuke. Na mashamba yote ya jirani ni hivyo hivyo, wawindaji wanashuka mitini, unasikia milango ya magari, paa, paa, paa. Wote tunakula. Hata swala wakipita na matarumbeta, nani atawaona?" Akaigeukia simu yake mezani. "Hemed huyu. Wewe usikimbilie lanchi. Wewe baki."

Jioni ile alimpigia George. Mimi nilikuwa namlisha mtoto lakini nilisikia upande mmoja, na mwingine alinisimulia. George alimwambia mchana ni saa ya supu. Alimwambia babu yake hakuwahi kupiga swala mchana. Bi Hamida akamjibu kwa upole kwamba babu yake hakuwa na swala ya magharibi. Kwa Kiingereza maneno hayo hayachekeshi, lakini Bi Hamida alijichekea mwenyewe hata hivyo. Walibishana, na nadhani hiyo ilikuwa mara ya kwanza kubishana tangu wafahamiane. Mwisho George akasema siku ni yake, achague yeye. Akikosa, basi.

"Nikikosa, basi," Bi Hamida alirudia baada ya kukata simu, safari hii hacheki.

Jumamosi hiyo asubuhi Doris aligonga mlango wangu, kavaa gauni la kulalia na koti juu yake.

"Wameachana."

"Nani?"

"Nani tena! Pikapu haijaja. Nimekaa dirishani tangu alfajiri. Maskini Bi Hamida, mzungu kamwacha na baridi hii yote." Alikuwa na huzuni ya kweli, Doris wangu. Alikuwa ameshika hata bakuli la ndizi za nyama za kumpelekea faraja.

Nikamkaribisha chai. Tulikuwa bado tunakunywa saa nne ilipofika, pikapu nyeupe ikaingia uani. Bi Hamida akatoka na mtandio wake wa chungwa, mkeka kwapani, begi mkononi. Doris aliruka mpaka chai ikamwagika.

"Wamerudiana! Mama Rigo, wamerudiana! Tena tazama, kabeba na mkeka!"

Nilijifanya nafuta chai ili asione uso wangu. Alipanda kwake kufuatilia kwa ukaribu zaidi, ingawa pikapu ilikuwa imeshaondoka, na mimi nikabaki na Rigo.

Saa sita nilijikuta nimesimama dirishani. Maboga yalikuwa yameshazolewa. Hakukuwa na swala, hakukuwa na mtu, upepo tu unasukuma mfuko wa plastiki. Nilimwambia Rigo, "Bibi yako saa hizi anaswali." Rigo akanijibu kwa kupuliza mate. Saa saba simu ilikuwa kimya. Evodius aliamka, akauliza mbona nimeiweka simu kwenye kifua kama dawa ya kikohozi. Nikamwambia sina jambo. Saa nane ikafika. Nikaanza kufikiria nitamwambia nini akirudi mikono mitupu, nikaamua nitampikia tu uji wa pilipili manga, kama alivyonipikia yeye.

Ndipo simu ikalia.

"Mama Rigo."

Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Shikamoo, Bi Hamida."

"Marahaba. Mtoto kala?"

"Kala."

"Kalala?"

"Bado, Bi Hamida. Vipi huko?"

"Haya. Sikiliza." Akavuta pumzi. Nyuma yake nilisikia upepo, na mtu anasogeza kitu kizito. "Adhuhuri imeingia, nimetandika mkeka, nikaswali. Milango ya magari ya majirani nasikia, paa, paa, kama tulivyosema. Mimi sikuinua kichwa. Nimemaliza, nikatoa salamu kulia, hakuna kitu. Nikatoa salamu kushoto. Mama Rigo, yupo! Dume. Kasimama pale pale nilipogeukia, ananitazama utadhani anangoja kuitikia."

"Yesu na Maria! Ukafanyaje?"

"Sikupumua. Nikaivuta bunduki taratibu, magoti bado kwenye mkeka. Bismillah nikaisema kwa sauti mpaka George kule kwenye mti wake kaisikia. Pigo moja. Nikamwahi na kisu, kila kitu kama inavyotakiwa." Akashusha sauti. "George kaja mbio, kaacha na supu aliyopanda nayo mtini. Kavua kofia. Anafuta miwani tu, anaivaa, anaivua tena anafuta."

Na mimi nikawa nafuta macho kwa nguo ya mtoto. Evodius akatoa kichwa jikoni kuuliza nani kafa. Nikamwashiria kwa mkono hakuna, hakuna, wote wazima.

"Sasa," Bi Hamida akasema, na sauti yake ikarudi kuwa ile ya msimamizi wa vyumba, "kesho nikitoka zamu napika pilau. Jiko langu dogo, napikia kwako. George nimeshamwambia, anakuja, na nimemwambia asile kitu mchana. Kwa hiyo nakuomba unitolee lile sufuria la utepe mwekundu. Ulioshe tu, usilisugue sana. Na jambo la pili, tafadhali mwanangu, panda kwa Doris umwalike. Umweleze wewe. Mimi nikimwambia nilikuwa kwenye swala, ataniuliza tena msikiti gani."